Mjomba, hedfoni za "kuzima makelele" zinazima kweli, au nanunua maneno ya kwenye boksi?

SWALI

Shikamoo mjomba,

Ni mpwa wako, mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja anayeanza kutambaa. Tunakaa Chikongola hapa Mtwara mjini, nyumba moja na mama mkwe. Mchana ni karani wa hesabu kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, usiku najisomea. Nimejiandikisha mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ya Novemba, na masomo yangu karibu yote ni ya kusikiliza: mwalimu anarekodi vipindi, anatutumia kwenye simu.

Shida yangu ni makelele. Ukuta wetu wa nyuma umepakana na mashine ya kusaga na kukoboa, injini ya dizeli, na wateja wakiwa wengi haizimwi mpaka saa tatu usiku. Umeme ukikatika, duka la vinywaji la mbele nalo linawasha jenereta. Chumbani kwenyewe pangaboi ni la zamani, linalalamika kila likizunguka, na kulizima kwa joto hili siwezi.

Mume wangu aliniletea hedfoni zisizo na waya, zile ndogo za kuchomeka masikioni. Boksi limeandikwa "Noise Cancelling" kwa herufi kubwa, pembeni "ENC", chini "9800mAh". Alinunua elfu 25. Nilifurahi sana, lakini nilipovaa mashine ikabaki palepale. Ili nimsikie mwalimu inabidi nipandishe sauti mpaka mwisho, na nikivua masikio yananivuma hadi nalala. Tulizirudisha dukani. Muuzaji akampigia mtu simu kwa hedfoni zilezile, yule mtu akasema anasikia safi kabisa, hamna makelele. Tukakosa la kusema, tukarudi nazo.

Sasa nimedunduliza elfu 80. Nimeonyeshwa nakala ya AirPods Pro ya elfu 35, muuzaji anaapa ina ANC. Kuna nyingine ya kampuni inayojulikana, elfu 75. Na kuna mtu wa Kariakoo anasema atanitumia nyingine kwa basi kwa elfu 60. Mume wangu anaona naenda kutupa hela mara ya pili.

Na mama mkwe naye hafurahii. Akiniita nimevaa, siitiki. Juzi alimwambia jirani, mimi nasikia, kwamba mkazamwana wake kajiziba masikio ili asitumwe. Iliniuma, mjomba, kwa sababu sijawahi kumkatalia jambo.

Je, hedfoni za bei yangu zinaweza kweli kuizima ile mashine? Nitajuaje kabla sijatoa hela? Na haya ya mama niyafanyeje?

Mpwa wako, Chikongola

JIBU

Marahaba mpwa wangu, na pole kwa hayo masikio. Nitayarudia baadaye, usidhani nimeyapita.

Nianze na mumeo, maana naona elfu 25 ile imewakaa wote wawili kooni. Hakununua kitu kibovu. Alinunua kitu cha kazi nyingine. ENC iliyoandikwa kwenye boksi lake husafisha sauti inayoingia kwenye maiki unapoongea na simu. Anayefaidi ni yule uliyempigia. Ndiyo maana jaribio la dukani lilifaulu mbele ya macho yenu: mtu wa upande wa pili hakusikia makelele, na wewe uliyekuwa umevaa ungeendelea kuyasikia yote. Unachokihitaji wewe kinaitwa ANC, kinachomfutia makelele yule aliyevaa. Herufi moja tu imebadilika, na hiyo herufi inauza mizigo mingi sana mjini. Boksi likisema "Noise Cancelling" bila kufafanua, lihesabu kuwa ni ENC mpaka masikio yako yathibitishe vinginevyo.

ANC yenyewe hufanya hivi. Kila hedfoni yenye ANC ina maiki ndogo inayosikiliza makelele ya nje. Chipu iliyo ndani inatengeneza wimbi la sauti lililo kinyume cha lile, likipanda lenyewe linashuka, na yakikutana sikioni yanafutana. Kwa kuwa chipu inatakiwa kuwahi, inafanikiwa zaidi kwa makelele mazito yanayokwenda mwendo mmoja bila kubadilika. Injini ya dizeli, jenereta, pangaboi, basi la Dar likiwa barabarani: hayo ndiyo makelele yake. Kwa hiyo swali lako la kwanza nakujibu ndiyo, tena katika watu wote wanaoniuliza habari za hedfoni hizi, wewe ni kati ya wachache ambao makelele yao ni ya aina inayofaa. Wengi wanataka kuzima sauti za watu, na hao huwa nawaambia watunze hela zao.

Ila ujue utapata nini. Mngurumo wa injini utazama. Kile kishindo cha makopa makavu yakimiminwa kwenye kinu, mlio wa mkanda ukiteleza, mwenye mashine akipayuka kumwita mteja, hivyo vitapita, kwa sababu ni vyembamba au ni vya ghafla. Mvua kwenye bati nayo itapita kwa sehemu kubwa. Mtoto akilia utamsikia, na ashukuriwe Mungu kwa hilo. Ukiona boksi limeandika inapunguza "hadi dB 40", yaani desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, hiyo ni pale inapofanya vizuri kuliko kwingine kote, si kwa kila sauti. Usiipuuze, lakini usiihesabu kama ahadi. Sikio la kawaida likipunguziwa desibeli 10 linaona makelele yamebaki kama nusu, kwa hiyo hata hedfoni isiyofika huko kwenye 40 itakufaa sana.

Vile vyembamba vinavyopita vinazuiwa na kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye boksi, nacho ni ule mpira laini wa nchani unaoingia sikioni. Naomba hapa usome polepole. Hedfoni inayofaa inakuja na mipira ya saizi tatu, mdogo, wa kati na mkubwa. Watu huvaa ule uliokuja umechomekwa na kuitupa mingine. Masikio hayalingani, hata ya mtu mmoja. Usishangae kulia ukavaa mkubwa na kushoto wa kati. Namna ya kupima ni rahisi: vaa, halafu useme neno kwa sauti yako ya kawaida. Mpira ukiwa umeziba sawasawa, sauti yako itakuwa nzito, unaisikia ndani ya kichwa, na ukitafuna kitu unasikia meno yako. Ukijisikia kama siku zote, kuna upenyo. Na penye upenyo mngurumo unaingia kwa nguvu kuliko chipu inavyoweza kuufuta, hata kama umenunua ya laki tano. Zile za plastiki tupu zisizo na mpira ziache kabisa, kwa ajili ya mashine hazikufai.

Sasa dukani. Nenda na simu yako, wakati ambao jenereta ya duka inawaka au pangaboi linazunguka. Kama kuko kimya, muombe bodaboda wa pale nje awashe pikipiki aiache imesimama inanguruma karibu na mlango, hakuna atakayekukatalia. Unganisha hedfoni na simu, lakini usiweke wimbo wala somo. Muuzaji atakuharakisha akuwekee muziki, maana muziki wenyewe unafunika makelele na utaondoka ukidhani ANC imefanya kazi. Mkatalie kwa upole. Vaa zote mbili, hangaika na mipira mpaka izibe, kaa kimya usikilize ule mngurumo. Ndipo uwashe ANC, mara nyingi kwa kushikilia kidole kwenye hedfoni kidogo.

ANC ya kweli utaijua ndani ya sekunde moja au mbili. Ile sehemu nzito ya mngurumo inashuka, kinabaki kimlio chembamba, na masikio yanajaa kidogo vile yanavyojaa gari likipanda kwenda Newala. Zima, mngurumo urudi. Washa, ushuke. Rudia mpaka uridhike. Ukisikia tu ile sauti ya kidada ikitangaza kwamba imewashwa na pikipiki inanguruma vilevile, vua, mshukuru, ondoka.

Kuna mtego mmoja hapo lazima nikuonyeshe. Hedfoni nyingi zina hali tatu: ANC, kawaida, na ile ya kupitisha sauti za nje, ambayo maiki inachukua makelele ya nje na kuyakuza masikioni mwako ili uweze kuongea na watu bila kuvua. Baadhi ya nakala za bei ya chini hazina ANC yoyote, lakini zina hiyo ya kupitisha. Muuzaji anakuwashia ya kupitisha kwanza, makelele yanapanda. Halafu anakuwashia "ANC", yanarudi yalivyokuwa, na wewe unaona yamepungua. Kwa hiyo linganisha ANC na hali ya kawaida, ambayo kila kitu kimezimwa. Kama haina tofauti na hiyo, haina ANC.

Nakala ya AirPods Pro ya elfu 35 naiondoa mezani sasa hivi. AirPods Pro halisi zilitoka mwaka 2019 kwa dola 249, zaidi ya laki sita za kwetu. Hizo nakala nimezifungua mezani kwangu: nje kuna vitundu vyenye wavu pale ambapo zile halisi zina maiki, na ukipasua, nyuma ya kitundu hakuna kitu, plastiki tu. Kuna chache zenye ANC ya kubabaisha. Lakini kwanini ubahatishe na hela uliyoidunduliza? Hata namba ya utambulisho (serial number) iliyoandikwa kwenye kikasha cha kuchajia haikusaidii, kwa sababu wanaonakili hunakili na namba. Ukitaka kujua boksi linasema kweli kiasi gani, tazama ile 9800mAh ya mumeo, mAh ikiwa ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri. Simu nyingi za siku hizi, pamoja na upana wake wote, zina betri ya mAh 5000 hivi. Kikasha cha hedfoni kinachoingia kiganjani huwa na mAh 300 mpaka 600. Aliyekudanganya kwenye betri usimwamini kwenye ANC.

Ya Kariakoo ya elfu 60 inaweza kuwa nzuri tu, sina neno na Kariakoo. Ila sikio lako liko Mtwara. Hutaweza kujaribu mipira, hutaweza kusikiliza mngurumo, na ikikukataa utalipa basi tena kuirudisha. Kama bei zingepishana sana ningekuambia ujaribu. Kwa tofauti ya elfu 15, hapana.

Inabaki ya elfu 75, na ndiyo ninayoielekea, kwa sharti ipite jaribio la pikipiki. Hukuniandikia jina lake, kwa hiyo angalia jambo hili: kampuni moja hutoa hedfoni zenye majina yanayofanana, moja ina ANC na ndugu yake hana. Redmi Buds 6 Lite inayo. Redmi Buds 6 Play na Redmi Buds 6 Active hazina, ingawa maboksi yake yanataja kupunguza makelele wakati wa simu. Kwa Oraimo, FreePods 4 inayo, FreePods Lite ni ENC. Muuzaji anaweza kukupa isiyo yenyewe bila hata nia mbaya, kwa kuwa kwake zote ni hedfoni nyeupe. Soma jina lote mpaka neno la mwisho. Kampuni inayojiheshimu huwa pia na programu yake ya simu kwa ajili ya hedfoni zake. Ipakue palepale dukani, na kama programu inaitambua hedfoni na kukuonyesha kitufe cha ANC, hiyo ni dalili njema. Dai risiti ya EFD, na mkubaliane kwa mdomo mbele ya mumeo siku za kuirudisha kama haitafaa.

Mengine wanayoyasifia usiyalipie. Wewe unasikiliza mtu anaongea hesabu, si bendi ya taarabu. Mambo ya LDAC (njia ya kupitisha muziki wa ubora wa juu kwa Bluetooth), besi nzito, toleo la Bluetooth limefika ngapi, hayatakuongezea alama kwenye mtihani. Ukiona IPX4, alama ya kustahimili matone ya maji, ni vizuri kwa jasho letu la huku, ila ujue kwa kawaida hiyo ni ya hedfoni zenyewe, kikasha hakihusiki, usikiache kwenye maji. ANC inakula chaji, saa zitapungua ukiwasha. Kwa saa zako mbili za usiku haitakusumbua. Na usiende nazo kwenye bodaboda: upepo ukigonga maiki unavuma masikioni, na honi ya lori la korosho ni kitu unachotakiwa kukisikia mapema.

Sasa masikio. Hili ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Kuvuma baada ya kuvua hedfoni ni sikio linalalamika kwamba limeumizwa, na ukiendelea kuliumiza, kuna siku halitanyamaza. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo ambacho ni rahisi kukishika: sauti ya desibeli 80, mtu mzima anaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, saa zinabaki 4. Kwa wiki nzima, mpwa wangu. Wewe ulipopandisha sauti mpaka mwisho ili umshinde mwenye mashine, inawezekana ulizimaliza saa zako za wiki nzima kwa usiku mmoja au miwili. Faida kubwa ya ANC, kwangu mimi, ni hii: mngurumo ukishuka humpandishi tena mwalimu. Weka sauti isivuke asilimia 60 kwenye simu. Ukiona kwa asilimia 60 humsikii, tatizo liko kwenye mpira, rekebisha mpira. Zile za mumeo usizitumie tena karibu na mashine. Zibaki za kupigia simu, maana hiyo kazi zinaiweza.

Mwambie pia mumeo kwa maneno haya haya, kwamba hela hii si ya starehe. Akikuona unauliza mara mbilimbili kila akikuita kwa sababu masikio yameharibika, hakuna duka litakalomuuzia mengine.

Na mama. Hapa hedfoni haina kosa, mpwa wangu, kosa ni kwamba hakuna aliyemweleza. Yeye anaona mtu kachomeka vidude masikioni, kaangalia simu, haitiki. Angeelewa vipi kwamba ni shule? Kumwita mtu na kunyamaziwa kwenye nyumba yako mwenyewe kunauma, hata lile neno alilomwambia jirani lilitoka kwenye kuumia. Wa kwanza kumwendea awe mumeo, kwa sababu ni mama yake na kwake halitaonekana neno la mkwe. Baadaye wewe mwenyewe ukae naye, hujavaa chochote, umwambie: "Mama, Novemba nina mtihani. Kuanzia saa moja mpaka saa tatu usiku nitakuwa nasoma, na masikio yatakuwa yamezibwa na mashine ile isinisumbue. Ukinihitaji ingia uniguse bega, nitavua hapohapo." Kisha futa mpira vizuri, umvishe moja, umwekee kipindi cha mwalimu wako. Asikie mwenyewe kwamba ni mtu anafundisha. Nimeona wazee wengi wakibadilika kwa hilo tu.

Lakini saa moja ikiwa haijafika, usizivae mbele yake. Ukiwa jikoni na unataka kusikiliza, vaa sikio moja, ANC uzime, haina kazi sikio la pili likiwa wazi. Na zile saa mbili, mtoto awe mikononi mwa baba yake, chumba kingine. Usiseme "nitamsikia akilia". Utamsikia akilia, hutamsikia akikaribia jiko kimyakimya.

Nina neno moja kwa mwenye mashine pia. Mwendee mchana, umwamkie, umuulize siku zipi anazima mapema. Ni jirani, na anayo yake ya kueleza. Siku hizo weka vipindi vigumu.

Kabla hujaenda dukani Jumamosi, pita Hospitali ya Ligula wakutazame masikio. Waeleze kwamba yanavuma usiku na yameanza lini. Nta ikiwa imejaa wataitoa, na ukivaa mipira juu ya nta unaisukuma ndani zaidi. Mpaka wakuangalie, vipindi vya mwalimu visome kwa maandishi, au sikiliza alfajiri mashine ikiwa imezimwa, kwa spika ya simu, sauti ya chini.